Siku ya Arobaini na Moja

Siku za mwizi ni arobaini. Methali hii tunafundishwa mapema, na kazi yake inajulikana: kumwonya anayenyemelea cha mwenzake kwamba hesabu inakwenda, na ikitimia atanaswa. Kwa kweli inafariji kuliko inavyoonya. Inamfariji aliyeibiwa, inamfariji jirani ambaye nyumba yake imekwama kwenye linta, inatufariji sote tunaopenda kuamini kwamba dunia ina mhasibu anayefunga vitabu vyake kwa wakati. Hata hivyo kila mtu mzima anamjua mwizi ambaye siku zake zilifika arobaini, zikapita, zikawa miaka. Alistaafu kwa hotuba na keki, akazikwa kwa msururu mrefu wa magari, na wanawe wanakula kodi za nyumba zake mpaka leo. Methali haikumfikia.

Swali gumu la uaminifu linaanza siku ya arobaini na moja. Mtu anayehofia kukamatwa hana tatizo la kifalsafa. Ana tatizo la mahesabu, na woga wake utamshauri vya kutosha. Tatizo liko kwa yule ambaye hatakamatwa, anajua hatakamatwa, na fedha iko mbele yake. Kwa nini asichukue?

Yapata miaka 2,400 iliyopita mwanafalsafa Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, alimpa kijana Glaucon kisa cha kumsimulia Socrates. Mchungaji mmoja wa Lydia, nchi iliyokuwa katika eneo la Uturuki ya leo, aliona ardhi imepasuka baada ya tetemeko. Akashuka shimoni, akakuta maiti yenye pete ya dhahabu, akaivua. Baadaye akagundua kwamba akigeuzia kito cha pete upande wa kiganja haonekani, na akikirudisha anaonekana. Hakukawia. Alifika kwenye kasri la mfalme, akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akautwaa ufalme. Glaucon alidai kwamba pete mbili kama hiyo zikigawiwa, moja kwa mwema na moja kwa mwovu, wote wawili wangeishia njia moja. Tunaitwa waaminifu, alisema, kwa sababu tu tunaonekana.

Majibu mengi tuliyorithi kwa swali hili yana tabia moja: badala ya kujibu, yanawasha taa. Yanakataa kwamba giza lipo.

La kwanza ni lile la siku arobaini: utajulikana tu. La pili ni la wafanyabiashara: uaminifu ni mtaji. Mwenye duka asiyempunja hata mtoto aliyetumwa sukari atapata wateja, na wateja wataleta wengine. Ni kweli, lakini mwaka 1785 mwanafalsafa Kant alimchukua mwenye duka wa namna hiyo akauliza kama tunaweza kumwita mwaminifu. Bei yake ni ya haki. Sababu yake ni faida. Siku atakapokuja mgeni asiyerudi tena, asiyejua bei na asiye na jamaa mjini, mtaji huo hautakuwa na la kumwambia. Hoja ya mtaji inafanya kazi pale tu ambapo jina la mtu linaweza kuharibika, na swali letu limeanza kwa kusema kwamba halitaharibika.

La tatu ni dhamiri: hakuna atakayejua, ila wewe utajua, na hutalala. Wengine hawalali kweli. Lakini wapo wanaolala fofofo. Dhamiri ina mazoea kama kiungo kingine chochote. Ukiikatalia mara kadhaa inachoka kusema. Kama kosa la kuiba ni kukosa usingizi, basi mwenye usingizi mzito hana kosa, na hilo hakuna anayelikubali.

La nne ni zito zaidi: Mungu anaona. Masimulizi ya Waislamu yana kisa cha Khalifa Umar bin Khattab akizunguka usiku mitaa ya Madina. Nyuma ya ukuta alimsikia mama akimwambia binti yake atie maji kwenye maziwa ya kuuza. Binti akasema khalifa amekataza. Mama akajibu kwamba Umar hayupo hapa na haoni. Binti akasema kwamba ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Inasimuliwa kwamba Umar alimwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdulaziz, khalifa anayekumbukwa kwa uadilifu wake.

Kisa hiki kinaweza kusikika kana kwamba binti amepata askari mwenye macho marefu kuliko ya Umar. Kikisikika hivyo, Glaucon atacheka: ondoa jicho hilo, maziwa yataongezwa maji. Nadhani binti anasema zaidi ya hapo. Mama yake anaichukulia amri kama mali ya Umar: Umar akilala, amri inalala naye. Binti anakataa hilo. Haki ya yule atakayekunywa maziwa haikuanza Umar alipotamka, wala haizimiki Umar akiwa mbali. Dini yenyewe haijaridhika na woga. Rabia wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 801, anasimuliwa kuwa alitaka kumwabudu Mungu bila tamaa ya pepo na bila hofu ya moto. Aliyeomba hivyo alijua kwamba kuonekana, hata na Mungu, si sababu ya mwisho ya kutenda haki.

Basi tuliache giza libaki giza, tulitazame lilivyo kwetu. Hapa hakuna anayehitaji pete. Kinachotosha ni kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni katikati.

Tuseme wanawake thelathini wa kikundi cha kuweka na kukopa wameamua kununua sufuria kubwa, sahani na viti vya kukodisha kwenye harusi na misiba. Vikundi vya namna hii, vicoba na ndugu zake, mara nyingi hutunza fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, sanduku hufunguliwa mbele ya mkutano, noti huhesabiwa kwa sauti na kila mmoja akisikia. Ni ubunifu wa busara kubwa. Haumshuku mtu yeyote kwa jina, na haumwamini mtu yeyote peke yake. Watu ambao benki haikuwafungulia mlango wameweza kutunza mamilioni kwa kufuli za dukani.

Lakini sanduku haliendi sokoni. Mkutano ukishapitisha laki tisa, mtu mmoja, tuseme katibu, anazikunja noti, anapanda daladala, anakwenda Kariakoo. Anazunguka maduka, anapatana, anaondoka, anaitwa, anarudi. Mwisho bidhaa zote zinapatikana kwa 840,000. Mwenye duka anazipokea fedha, anafunua kitabu, na kabla kalamu haijagusa karatasi anauliza: “Niandike ngapi?”

Hakuna ubaya katika sauti yake. Ameshazoea kwamba wanaotumwa hutaka cha juu, na anayepata cha juu hurudi. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, lakini nazo huchapa kile ambacho mwenye duka anabonyeza. Katibu akisema tisa, itaandikwa tisa. Mhuri utagongwa uleule. Mkutano utapiga makofi kwa sababu vitu vimenunuliwa kwa bajeti iliyopitishwa. Elfu sitini zitabaki kwenye pochi, na hakuna atakayejua, leo wala kesho.

Nimelifanya giza hili liwe zito kwa makusudi. Sitini hiyo si fedha ambayo kikundi kilitarajia kuirudisha. Kila mama kati ya wale thelathini anapoteza shilingi 2,000 ambazo hakujua anazo. Tena ni jasho la katibu mwenyewe: ulimi wake ndio uliopunguza bei, miguu yake ndiyo iliyozunguka juani, na nauli ametoa mfukoni. Mtu mwingine angenunua kwa laki tisa kamili na kurudi akiwa msafi. Je, katibu akiandikisha tisa amemwibia nani?

Tuanze na lile neno lake la siri: hawatajua. Kwa nini hawatajua? Kwa sababu hawakwenda. Kwa nini hawakwenda? Kwa sababu walimtuma. Kutojua kwao si ufa uliosahaulika ukutani ambao mjanja ameuona. Wao wenyewe wamemkabidhi kutojua huko mikononi, pamoja na fedha. Noti walizihesabu mbele ya mkutano; kutojua kwao hakukuhesabika, na ndiyo sehemu kubwa ya kile walichompa. Wangetaka kujua kila kitu wangefunga biashara zao siku nzima na kwenda Kariakoo wote thelathini. Walichagua kutokwenda, kwa sababu walikuwa na yeye.

Kwa hiyo kutojua kwao hakumwondolei katibu wajibu wake. Kunaueleza wajibu huo ulivyo. Anayesema nitachukua kwa sababu hawatajua ni sawa na mlinzi anayesema nitaingia kwa sababu ninao ufunguo. Ufunguo alipewa ili asiingie.

Tukirudi kwa mchungaji wa Lydia tukiwa na jambo hili, kuna kitu kidogo katika kisa cha Plato ambacho wasomaji wengi hukiruka. Pete ilimfanya asionekane, lakini haikumfikisha kwa mfalme. Alifika kwa sababu wachungaji walikuwa na desturi ya kutuma wajumbe kwa mfalme kila mwezi kutoa taarifa ya mifugo, naye alifanya mpango awe mmoja wao. Mlango wa kasri alifunguliwa na ujumbe. Glaucon anatutaka tufikirie kutoonekana kama bahati inayookotwa shimoni, kwenye kidole cha maiti, isiyotolewa na mtu na isiyodaiwa na mtu. Katika maisha ya kweli giza la namna hiyo ni adimu. Giza tunalofanyia kazi kila siku tunapewa na watu: mgonjwa anayelala kitandani akimwachia muuguzi dawa zake, abiria asiyejua breki za basi zimekaguliwa lini, mzazi anayelipa ada bila kukaa darasani, mwenye nyumba aliyeko Muscat anayemtumia mdogo wake fedha za saruji Tanga. Wote wamefumba macho, na wamefumba kwa ajili yetu.

Ndiyo maana naona ni makosa kulitazama giza kama hali ya pekee, mtihani wa mara mojamoja unaompata mtu mwaminifu aliyezoea mwanga. Mambo yako kinyume. Pale penye mwanga uaminifu hauna kazi; kufuli tatu zinatosha. Mtu anayeacha fedha za sanduku mbele ya watu thelathini hajaonyesha uaminifu wake, ameonyesha kwamba ana macho. Kazi ya uaminifu inaanza pale kufuli inapoishia, na ikiwa mtu hana uaminifu hapo, hana mahali pengine popote ambapo angekuwa nao.

Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ametuachia visa viwili vinavyofaa kuwekwa pamoja, katika kitabu alichoandika mwaka 45 kabla ya Kristo. Quintus Fadius Gallus alimwachia urithi Publius Sextilius Rufus, na wosia ukaeleza kwamba amemwomba Sextilius aupeleke urithi wote kwa binti yake, Fadia. Wakati huo sheria ya Roma iliyoitwa Voconia iliwabana wanawake katika kurithi mali kubwa, kwa hiyo baba alimpitishia rafiki. Fadius alipokufa, Sextilius alikana kwamba aliwahi kuombwa. Nani angembishia? Aliyemwomba yuko kaburini. Sheria ilikuwa upande wake, akabaki na mali. Kisa cha pili ni cha Sextus Peducaeus. Gaius Plotius, mtu wa Nursia, alimwachia mali na kumwomba faraghani ampe mkewe. Hakuna mtu mwingine aliyejua, hata mke hakujua. Peducaeus alikwenda kwa mjane, akamweleza ombi la marehemu, akamkabidhi mali yote.

Giza la Peducaeus lilikuwa kamili kuliko la mwenzake, kwa sababu hakuhitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu. Na tunamjua leo kwa sababu moja: alisema. Angebaki na mali ile, kusingekuwa na kisa, wala tuhuma, wala mjane mwenye kinyongo. Kungekuwa na tajiri mmoja zaidi na mwanamke maskini asiyejua kwamba alidhulumiwa. Hapo panaonekana wazi kwamba dhuluma haingoji kujulikana ili iwe dhuluma. Mjane asingeumia moyoni, lakini mali yake ingekuwa imekwenda. Anayesema asichokijua mtu hakimdhuru amechanganya maumivu na hasara.

Mlinganisho huu unajibu pia hoja ya jasho la katibu. Ni kweli amefanya kazi, na kazi ina ujira. Lakini aliyepatana bei alipatana kwa fedha za kikundi na kwa niaba ya kikundi; punguzo ni la mwenye fedha. Kama anaona anastahili kitu, njia ipo na ni fupi: arudi na risiti ya 840,000, aweke 60,000 mezani, aseme nimezunguka siku nzima, naomba nauli na ya maji. Huenda wakampa elfu kumi. Huenda wakampa thelathini na vigelegele. Huenda, kwa uchoyo, wasimpe kitu. Fedha anayoiomba na fedha anayoiandikisha zinaweza kulingana kwa shilingi, na bado ni vitu viwili tofauti, maana katika hali ya kwanza wanawake thelathini wameamua, na katika ya pili mtu mmoja ameamua mahali pao. Cha juu kinachukua fedha, halafu kinachukua nafasi ya wenye fedha kusema ndiyo au hapana. Nafasi hiyo haipimwi kwa elfu mbilimbili.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yanafaa kwa vikundi vya akina mama wanaojuana, si kwa ofisi. Huko kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mshahara hautoshi wiki mbili, bosi anachukua kwa lori, na mimi unanishika kwa elfu sitini? Hoja hii inastahili heshima kuliko inavyopewa na wahubiri wa maadili wenye magari ya ofisi. Mtu anayecheleweshewa mshahara miezi mitatu ameibiwa tayari, na anayemhubiria bila kumlipa ni mshiriki wa wizi huo.

Hata hivyo, tutazame cha juu kinamwangukia nani. Ni mara chache sana kinamwangukia bosi. Dawa zilizouzwa kwa mlango wa nyuma hazikumpungukia waziri. Zilimpungukia bibi aliyepanda bodaboda kutoka kijijini akaambiwa akanunue duka la nje. Mfuko wa saruji uliopunguzwa kwenye darasa hauondoki kwenye nyumba ya mkandarasi. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi ana haki ya kulalamikia kamba, lakini majani anayoyala mara nyingi ni ya mbuzi mwingine aliyefungwa kwa kamba fupi zaidi. Kudai haki yako kunakukutanisha na aliyekunyima. Cha juu kinakukutanisha na asiyekujua.

Na hapo ndipo ugumu wa mali ya umma ulipo. Tunasema fedha za serikali hazina mwenyewe. Tungesema kweli zaidi kama tungesema hazina sura. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika katika miji 355 ya nchi 40. Watafiti walipeleka zaidi ya pochi 17,000 kwenye kaunta za benki, hoteli, posta na ofisi za umma, wakisema wameziokota nje, kisha wakaondoka. Watu wa kawaida walipoulizwa watabiri, walidhani pochi zenye fedha zingerudi chache zaidi, na hata wataalamu wa uchumi hawakutabiri kilichotokea. Ilitokea kinyume: kwa wastani, zisizo na fedha zilirudi asilimia 40, zenye fedha asilimia 51. Marekani, Uingereza na Poland, kiasi kilipopandishwa hadi karibu dola 94, zikarudi asilimia 72. Ufunguo ukiwekwa ndani, ambao hauna faida kwa aliyeuokota ila kwa aliyeupoteza, zikarudi zaidi.

Watafiti walieleza kwamba watu hawapendi kujiona wezi. Inawezekana. Lakini naona pia kile kilichokuwemo ndani ya kila pochi: kadi zenye jina la mtu na orodha yake ya manunuzi ya nyumbani. Aliyeifungua alikutana na mtu anayehitaji maziwa na mkate, na ufunguo ulimwambia kwamba mtu huyo huenda amesimama nje ya mlango wake sasa hivi. Risiti haina orodha ya nani atakosa nini. Bajeti ya wilaya haina ufunguo wa nyumba ya mtu. Glaucon alimhukumu binadamu vibaya kuliko anavyostahili: wengi hatuchukui tukimwona mwenye mali, hata kama yeye hatuoni. Tunachukua pale ambapo sisi ndio hatumwoni. Giza linaloharibu zaidi ni lile linalomfunika mwenye mali kutoka machoni pa mwenye kalamu, na mtu anaweza kulipunguza mwenyewe kwa kujiuliza, kabla hajajibu niandike ngapi, zitatoka kwa nani.

Sitamaliza kwa kusema kwamba uaminifu unalipa. Wakati mwingine unatoza. Glaucon mwenyewe alitaka tumfikirie mtu mwadilifu anayeteswa kama mhalifu hadi mwisho, tuone kama bado tungemwita mwenye heri. Afrika Mashariki haihitaji kumfikiria. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya katika miaka ya kashfa ya Goldenberg, kati ya 1990 na 1993, kampuni moja ilipolipwa mabilioni ya shilingi kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi. Nyaraka zilipita mezani kwake. Alikuwa mdogo sana ofisini kiasi kwamba kimya chake kisingemletea lawama yoyote. Hakuna mahakama ambayo ingemuuliza kwa nini hukusema. Alizitoa nyaraka zikafika kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akaachiwa, na kazi akaipoteza. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini.

Kumfanya Munyakei mfano wa kwamba wema hulipwa ni kumtukana. Kumfanya mfano wa kwamba wema ni ujinga ni kumtukana mara ya pili. Alichokifanya kilikuwa sahihi kabla ya tuzo na kingebaki sahihi bila tuzo, kwa sababu fedha zile zilikuwa za watu waliofumba macho wakiamini kwamba benki yao ina makarani. Deni lililobaki si lake. Ni la wale waliofumba macho, yaani sisi.

Katika mazungumzo ya uaminifu tunamhutubia mwenye nafasi, tunasahau kwamba kwa saa nyingi za siku sisi ndio tusiojua. Tunaishi juu ya uaminifu ambao hatutauona kamwe: fundi aliyeweka nondo zote kwenye nguzo ambayo plasta imeshaifunika, mfamasia aliyetupa dawa zilizopitwa na muda badala ya kubandika tarehe mpya, karani wa ardhi ambaye hakuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Hatuwezi kuwashukuru kwa sababu hatuwajui, na risiti zao zinafanana na za wenzao wezi. Tunachoweza ni kuacha kuwaongezea gharama. Mstaafu akirudi mtaani bila gari tunasema alikaa ofisi ile miaka yote, hana hata kibanda, tunacheka. Na kijana anayetusikiliza, ambaye wiki ijayo atatumwa Kariakoo kwa mara ya kwanza, anajifunza kwetu kwamba kutochukua ni kushindwa. Kikundi kinamtuma katibu bila nauli kisha kinamtaka awe malaika. Sanduku libaki na kufuli zake tatu, zinafanya kazi nzuri. Lakini wale tunaowatuma mahali ambapo kufuli haifiki, tuache kuwacheka, na tuwalipe nauli.